Yaliyomo Ndani ya Shina

Msomaji, ukisafiri kwa njia kuu itokayo mjini Meru kwenda Maua, utafika Kangeta, katika nchi ya Igembe, juu ya vilima vya Nyambene. Hapo utaona mashamba ya miraa kuume na kushoto. Miti mingine ni michanga, haijapita kimo cha mtu; mingine ni mikongwe, ina mashina manene yenye vifundo na makovu, nayo huitwa mbaine. Baadhi ya mikongwe hiyo ina mapango. Mtoto aweza kuingiza mkono wake ndani ya shina mpaka begani, asiguse kitu ila vumbi la mti uliooza. Walakini juu ya pango hilo matawi ni mabichi, na machipukizi yake huchumwa msimu hata msimu.

Sasa lifikiri jambo la pili. Chukua mti mzima, mnene, usio na pango wala ugonjwa. Uvue gome lake kulizunguka shina lote, mkanda wa upana wa kiganja tu, wala usiiguse mbao. Mti huo hautanyauka siku ile. Majani yake yatabaki mabichi kwa majuma mengi, pengine kwa miezi, hata wapitao njiani watasema kwamba umepona. Mwishowe utakauka.

Yawaje mti uliopoteza moyo wake uishi, na mti uliopoteza ngozi yake ufe? Kwetu sisi wanadamu mambo ni kinyume, kwani mtu aliyechubuka hupona, bali asiye na moyo hana uhai. Ili kulijibu swali hili wanadamu walitumia zaidi ya miaka elfu mbili. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi jibu lilivyopatikana, na kwa nini yakupasa wewe, uliye mtoto wa mkulima, kulijua.

Mimi nalikutana na swali hili nikiwa mtoto, nalo halikunijia kwa njia ya hekima bali kwa njia ya kosa. Babu yangu alinipa mche mmoja wa miraa niutunze, akaniambia kwamba siku utakapoanza kuchumwa, fedha zake zitakuwa za karo yangu. Nami, kwa uvivu wa kitoto, niliufunga waya shinani ili nipate mahali pa kumfungia mbuzi. Mbuzi aliuzwa, waya ukasahauliwa. Mti ukanenepa, waya usinenepe. Baada ya misimu kadhaa waya ulikuwa umezama katika gome, na juu yake palikuwa pamefura kama pete nene kidoleni, hali chini yake shina lilikuwa jembamba kama zamani. Majani yalikuwa mabichi, kwa hiyo sikuona hatari. Babu alipouona alisimama kimya, kisha akasema, “Mjukuu wangu, mti huu umeunyonga.” Aliukata waya, lakini wakati ulikuwa umepita. Kiangazi kilipofika mti ukakauka kuanzia juu. Nalijua kwamba nimekosa, lakini sikujua nimekosa nini. Miaka mingi ilipita kabla sijalipata jibu katika vitabu vya chuo cha ualimu.

Tuanze mbali. Mwanafunzi wa Aristotle, aitwaye Theophrastus, Myunani aliyefariki yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, aliandika habari za mimea kwa utaratibu ambao haukuwa umepata kuonekana katika nchi za Ulaya. Alitambua kwamba shina lina sehemu tatu: gome, mbao, na kiini laini cha katikati. Alijua pia kwamba miti mingi hufa ikivuliwa gome pande zote. Lakini alitaja mti mmoja usiofuata kanuni hiyo, yaani mti utoao vizibo vya chupa, ambao huvuliwa gome lake na kuishi. Theophrastus aliyaona haya kwa macho matupu. Asingaliweza kuzijua sababu zake, kwa maana zimefichwa katika vitu vidogo mno visivyoonekana na jicho la mtu.

Karne nyingi zikapita. Mnamo mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alikata kipande chembamba cha kizibo na kukitazama kwa hadubini. Akaona kwamba kizibo si kitu kimoja kilichoshikamana, bali ni vyumba vidogo vingi vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Akaviita kwa jina la vyumba vidogo wanamokaa watawa. Na kutokana na jina hilo sisi leo twasema seli.

Baada ya Hooke walitokea waganga wawili ambao hawakuwa wamepata kuonana. Mmoja alikuwa Nehemiah Grew wa Uingereza. Wa pili alikuwa Marcello Malpighi wa mji wa Bologna, Italia. Katika mwaka mmoja, 1671, kazi za watu hawa wawili zilifika mbele ya chama cha wataalamu cha London kiitwacho Royal Society, na zote mbili zilihusu maumbile ya ndani ya mimea. Wote walikuwa wamezoea kuupasua mwili wa mnyama na kuitazama mishipa yake. Wakajiuliza kama mmea nao una mishipa. Grew alitoa kitabu kikubwa mwaka 1682, chenye picha za mashina yaliyokatwa, zilizochorwa kwa uangalifu hata leo mwalimu aweza kuzitumia darasani. Malpighi alifanya jambo jingine: aliuvua mti gome kwa umbo la pete, akangoja. Akaona kwamba juu ya pete shina lilifura, na chini yake halikufura.

Msomaji, niliposoma habari hiyo nalikiweka kitabu chini. Mtaalamu wa Bologna alikuwa ameona, zaidi ya miaka 300 kabla yangu, jambo lile lile nililoliona mimi katika mti wa babu uliofungwa waya. Yeye alifahamu kwamba kufura kule ni ushuhuda: kuna kitu kinachoshuka kutoka majani, nacho kikizuiliwa hurundikana.

Kabla hatujaendelea, fanya kazi ndogo kwa mikono yako. Chukua tawi changa la mti wowote wa shambani, ulikate kwa wembe mkali, kisha ulitazame lile jicho la mkato. Nje kabisa kuna ngozi nyembamba, ambayo katika tawi kuukuu huwa gome kavu lenye kizibo. Kazi yake ni kuzuia maji yasipotee na wadudu wasiingie. Ndani ya ngozi hiyo kuna nyama laini, aghalabu ya rangi ya kijani. Kisha huja tabaka ya mirija laini ichukuayo chakula, nayo kitaalamu huitwa floemu. Baada yake kuna utando mwembamba mno, usiozidi seli chache kwa unene, uitwao kambiamu. Ndani ya kambiamu kuna mbao, yaani zailemu, yenye mirija migumu ichukuayo maji. Na katikati kabisa kuna kile kiini laini alichokitaja Theophrastus.

Katika tabaka hizo zote, ikumbuke zaidi kambiamu. Ndiyo inayozaa. Kila seli yake hugawanyika, ikatupa mbao upande wa ndani na floemu upande wa nje. Na kwa kazi hiyo ya kimya, haba na haba, mche mwembamba huwa mti usiokumbatika. Maadamu seli za kambiamu ni laini na changa, gome hubanduka kwa urahisi mahali hapo. Kila mtu wa Kangeta amelishuhudia jambo hili bila kulitia jina. Mtafunaji wa miraa hulibandua gome la kijiti kwa meno au kwa ukucha, akalitafuna, na kile kijiti cheupe kilicho laini kwa kuguswa akakitupa. Mahali gome linapoachana na kijiti ndipo palipo kambiamu. Na ukiona kwamba wakati wa kiangazi kikali magome ya miti hushikamana na mbao na kukataa kubanduka, ujue kwamba kambiamu imepumzika.

Sikutajii miraa ili nikusifie kuitafuna. Nimewaona wanafunzi wenye akili wakiyaacha masomo kwa ajili ya fedha za kupanda miti na kuchuma, na wengine wakipoteza usingizi na afya kwa kutafuna. Naitaja kwa sababu ndiyo shina tunalolijua kuliko yote, na ni aibu kulijua shina kwa kinywa tu pasipo kulijua kwa akili. Mti huu uliingizwa katika vitabu vya elimu ya mimea kwa kazi ya Peter Forsskål, aliyeuona katika nchi ya Yemeni na kufia huko kwa homa mwaka 1763. Maandishi yake yalipigwa chapa mwaka 1775 na mwenzake aliyesalimika katika safari ile, Carsten Niebuhr.

Turudi katika historia yetu. Mwaka 1727 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alitoa kitabu juu ya mwendo wa maji katika mimea. Alipanda alizeti chunguni, akakifunika chungu ili maji yasipotee kwa njia ya udongo, kisha akapima uzito asubuhi na jioni. Aliona kwamba alizeti moja iliweza kutoa hewani zaidi ya nusu kilo ya maji katika mchana mmoja. Maji hayo yalipanda kwa njia gani? Ilionekana wazi kwamba hupita katika mbao, kwa maana tawi lililovuliwa gome huendelea kunywa. Hii ndiyo sababu majani ya mti uliovuliwa gome hayanyauki upesi, na ndiyo iliyonidanganya mimi.

Njia ya kushuka ilichelewa kujulikana. Mwaka 1837 Mjerumani Theodor Hartig aliona katika gome la ndani mirija ya ajabu, ambayo kuta zake za kukingama zina matundu kama chekecheo. Mwaka 1858 Carl Nägeli wa Uswisi akazipa njia hizo mbili majina yake, zailemu na floemu, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mbao na gome. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly, wa mji wa Dublin, walieleza jinsi maji yanavyovutwa juu: majani yakipoteza maji kwa jua, huyavuta mengine yaliyoshikamana nayo, mfululizo mmoja kama uzi tangu jani mpaka mzizi. Na mwaka 1930 mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, Ernst Münch, alieleza jinsi chakula kinavyosukumwa: mahali penye sukari nyingi huvuta maji na kujaa, na kujaa huko huisukuma sukari kwenda mahali inapotumika.

Ushahidi mzuri ulitoka kwa mdudu. Wajua vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa katika mashina ya maharagwe. Kidukari huchoma shina kwa mrija mwembamba kuliko unywele, mpaka ufike katika mrija mmoja wa floemu. Mwaka 1953 J. S. Kennedy na T. E. Mittler walionyesha kwamba ukimkata kidukari na kuacha mrija wake umechomekwa, utomvu wa sukari hutoka wenyewe. Basi mdudu hanyonyi kwa nguvu zake. Shina ndilo limpalo kwa kusukuma.

Mwaka uo huo wa 1953 ndipo kilipotoka kitabu cha maumbile ya ndani ya mimea kilichofundisha vizazi vingi vya wanafunzi duniani. Mwandishi wake alikuwa mwanamke, Katherine Esau, aliyezaliwa mwaka 1898 katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Yeye na jamaa zake walikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaingia Ujerumani, kisha wakahamia Marekani mwaka 1922. Huko alianza kwa kazi ya shamba la viazisukari, akichunguza ugonjwa uliokuwa ukiyakunja majani. Na kwa kuufuatia ugonjwa huo akaingia ndani ya floemu, asitoke tena mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 1997. Naandika habari zake kwa makusudi, ili binti anayesoma ukurasa huu ajue kwamba swali kubwa laweza kuanzia katika jani lililokunjamana shambani kwa mtu maskini.

Sasa waweza kulijibu swali letu. Moyo wa mti mkongwe ni mbao zilizokufa. Zamani zilipitisha maji, lakini leo kazi yake ni kuutegemeza mti tu. Zikioza na kuliwa na mchwa, mti hudhoofika kwa upepo, lakini haukosi maji wala chakula, maana mbao changa na floemu zi katika ukingo wa nje. Mti wenye pango huishi kwa ukingo wake. Bali mti uliovuliwa gome kwa duara umekatiwa njia ya kushuka. Maji yanapanda, majani yanapika chakula, lakini chakula hakiifikii mizizi. Mizizi huishi kwa akiba yake. Akiba ikiisha, hufa kwa njaa hali majani yameshiba. Ndipo maji yanapokoma kupanda, na majani nayo hufuata. Waya wangu haukuuvua mti gome, lakini uliibana floemu kidogo kidogo mpaka ikawa sawasawa na kuvuliwa. Na ule mti wa vizibo alioutaja Theophrastus huishi kwa sababu wavunaji wake hutoa gome la nje tu, wakiiacha floemu mahali pake.

Si kila shina limejengwa hivyo. Likate bua la hindi, nawe utaona mishipa imetawanyika kama nukta katika nyama yote, isipangwe kwa pete, wala hapana kambiamu kati yake. Mnazi ni wa ukoo wa namna hiyo. Ndiyo maana wakwezi wa pwani huchonga vidato katika shina lake, toka chini hata juu, na mnazi ukaendelea kuzaa. Mgomba nao una hadithi yake: kile tukiitacho shina si shina, bali ni magamba ya majani yaliyokumbatiana, shina la kweli limejificha chini ya udongo. Watu wa Kangeta hufunga miraa kwa majani ya mgomba ili maji yasitoke upesi katika vijiti vilivyokatwa.

Huenda ukauliza, elimu hii ina faida gani nje ya mtihani? Nakujibu kwa mifano mitatu. Kwanza, anayebebesha mparachichi au mkadamia hana budi kukutanisha kambiamu ya kikonyo na kambiamu ya shina. Asipozikutanisha, kazi yake ni bure. Pili, usihesabu miaka ya mti wetu kwa pete za mbao kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi. Kwao mti hulala mara moja kwa mwaka. Sisi tuna mvua za Machi hata Mei na mvua za Oktoba hata Desemba, na pete zetu hazifuati kalenda yao. Tatu, ni mti ambao Wakikuyu huuita muiri, nao huota katika misitu ya Mlima Kenya. Gome lake hutengenezwa dawa ya tezi la kiume, nayo huuzwa katika nchi za Ulaya na kwingineko. Wavunaji wenye tamaa katika nchi mbalimbali za Afrika walizivua gome miti mizima mizima, ikafa imesimama, hata mwaka 1995 mti huo ukatiwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake husimamiwa. Mvunaji ajuaye yaliyomo ndani ya shina huchukua gome la upande mmoja na kuacha upande wa pili, mti ukaendelea kuishi.

Uchumi wetu nao umesimama juu ya mashina. Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwezi wa Juni mwaka 2014, nyumba nyingi za Nyambene zilitikisika kwa siku moja. Mtu anayeishi kwa zao moja hufanana na mti ulio na njia moja ya kushusha chakula. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wapande na mengine, na wajue kuyatunza.

Naimaliza habari ya mti wangu. Baada ya kukauka kwake, babu aliukata chini ya alama ya waya, wala hakuling’oa gutu. Mizizi ilikuwa bado ina akiba kidogo. Mvua za Oktoba ziliponyesha, chipukizi moja lilitoka chini kabisa, karibu na ardhi. Babu alilizungushia miiba ili mbuzi wasilile, akanikabidhi tena, bila kunikumbusha kosa langu. Chipukizi hilo leo ni mti. Nikienda nyumbani wakati wa likizo hulipitisha kidole changu katika shina lake, kulizunguka lote, kuhakikisha kwamba hakuna kitu kilichofungwa hapo.